Mierezi ya Gilgamesh na Mitarakwa ya Mau

Utendi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika Mesopotamia ya kale, yaani nchi iliyo baina ya mito Tigris na Furati ambayo leo sehemu yake kubwa imo Iraki, huanza kama habari ya ushujaa na huishia kama habari ya kifo, na habari hizo mbili hukutana msituni. Gilgamesh, akijua kwamba siku za binadamu zina hesabu, alifunga safari na rafiki yake Enkidu hadi Msitu wa Mierezi ili amuue Humbaba, mlinzi aliyewekwa humo na mungu Enlil, akate miti na kujipatia jina lisilokufa. Walishinda, lakini miungu, iliyokasirishwa na kuuawa kwa Humbaba na baadaye kwa Fahali wa Mbinguni, ilimhukumu Enkidu afe kwa maradhi, kitandani wala si vitani, na hapo ndipo mfalme alipoanza kuihofu ajali yake mwenyewe.

Kibao cha udongo kilichonunuliwa na makumbusho ya Sulaymaniyah mwaka 2011, na maandishi yake kuchapishwa mwaka 2014, kimeongeza jambo zito: msitu ule haukuwa pori la kutisha tu, bali ulijaa ndege, nyenje na nyani waliopaza sauti kana kwamba wanamtumbuiza Humbaba, na Enkidu, baada ya kuikata miti, alijuta kwamba wameugeuza jangwa.

Majuto hayo yana mahali pa kutua katika Olenguruone, upande wa kusini-magharibi wa msitu wa Mau nchini Kenya, ambako humea mtarakwa, mti wenye harufu nzuri na kiini kisicholiwa na mchwa, ambao walowezi waliuita mwerezi ingawa kwa jamii si mmoja na mierezi ya Lebanoni. Waogiek, wawindaji na warina asali wa Mau, huchonga mizinga yao kwa mti huo, na wao, tofauti na Humbaba, walipata mahakama ya kuwasikiliza: tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwaondoa msituni.

Hata hivyo, ushujaa uliolipa jina la Olenguruone uzito wake ni wa watu wengine. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaweka hapo Wakikuyu walioondolewa katika nchi ya Wamaasai, baadhi yao wakiwa maskwota wa zamani, yaani watu waliolima na kufuga katika mashamba ya walowezi kwa malipo ya kazi ya mikono yao. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji chini ya kanuni kali za kilimo na urithi. Wao waliihesabu ardhi hiyo kuwa githaka, shamba la ukoo, fidia ya ardhi waliyonyang'anywa Kiambu, ingawa ni haki kukumbuka kwamba kabla yao ilikuwa na wenyewe. Walipokataa kanuni hizo walikula kiapo cha umoja, na hakikuliwa na wanaume wazima peke yao kama desturi ilivyotaka, bali na wanawake na watoto pia.

Tofauti na utendi imo katika kiapo hicho. Gilgamesh alikikimbia kifo hadi ukingo wa dunia, ilhali aliyekula kiapo alikiita kifo mwenyewe kiwe shahidi, kwa kuwa kiini cha kiapo cha Kikuyu ni kujiapiza: nikivunja, kiniue. Jina la mtu mmoja halikutafutwa. Lililindwa neno la watu wote, na hofu ya kufa, iliyomvunja mfalme, ndiyo iliyowafunga pamoja.

Kufikia mwaka 1950 walikuwa wameondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi kavu ya Ukambani. Gilgamesh, baada ya nyoka kuula mmea wa kurudisha ujana, alirejea Uruk mikono mitupu, akamwonyesha baharia Ur-shanabi ukuta wa matofali wa mji wake. Watu wa Olenguruone hawakuwa na ukuta wa kuonyesha. Walichobeba ni nyimbo za kuhamishwa kwao, zilizokuja kuimbwa katika nchi ya Wakikuyu na watu ambao hawakuwahi kuiona Mau.