Miti Ilipotiwa Hatiani

Mwaka 1980, katika kampeni ya urais ya Marekani, mgombea Ronald Reagan aliwaambia watu kwamba asilimia 80 hivi ya uchafu wa hewa hutokana na mimea. Wanafunzi wa chuo kimoja cha California wakatundika bango kwenye mti, mti wenyewe ukiomba ukatwe kabla haujaua tena. Tunacheka, sawa. Lakini ngoja kwanza, ndugu msomaji. Yule mzee hakuwa anaota. Alishika mkia akadhani kashika ng'ombe mzima.

Mkia huo uliwahi kushikwa na Frits Went, mtaalamu wa mimea, Mholanzi aliyehamia California miaka ya 1930. Chuoni pale pale alikuwepo Mholanzi mwenzake, Arie Haagen-Smit, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kuwa hewa chafu ya Los Angeles hutengenezwa na jua likipiga moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta. Went naye akajiuliza: mbona milima ya Blue Ridge, huko mashariki, ina utusitusi wa buluu na magari hayapo? Mwaka 1960 akaandika katika jarida la Nature kwamba ni pumzi ya miti. Ile harufu ya msonobari ni gesi, na gesi hiyo hugeuka hewani ikawa chembechembe ndogo mno zinazotawanya mwanga wa buluu.

Kumbe tangu 1957 Guivi Sanadze, kule Georgia ya Kisovieti, alikwisha gundua kwamba majani hutoa gesi iitwayo aisoprini. Siku hizi inakadiriwa mimea ya dunia hutoa tani milioni 500 au zaidi kwa mwaka. Mikaratusi, hii hii tunayopanda sisi, imo katika vinara.

Sasa kosa la Reagan liko wapi? Gesi ya miti peke yake haileti ozoni ya kuchoma mapafu mijini. Inahitaji oksidi za naitrojeni, na hizo hutoka kwenye injini na mitambo. Mwaka 1988 William Chameides na wenzake walilieleza hilo kwa mfano wa Atlanta, mji uliojaa miti: kuni ni za miti, kiberiti ni cha watu.

Chembechembe zile zina kazi nyingine kubwa zaidi. Hurudisha mwanga wa jua juu, na mvuke hushika juu yake ukawa matone ya mawingu. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba chembe mpya hazizaliwi bila asidi ya salfuriki, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 2016 jaribio la CLOUD, huko CERN, Geneva, likaonyesha kuwa gesi ya misonobari inaweza kuzaa chembe bila asidi hiyo.

Jambo hilo si dogo. Moshi wa viwanda umeongeza mawingu, na mawingu hayo yanaficha sehemu ya joto tulilolileta. Kama anga ya kale ilikuwa na mawingu mengi ya miti, basi kilichofichwa ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Hesabu hiyo bado wanaipiga, na mawingu ya mwaka 1750 hakuna aliyeyahesabu.