Kigego na Matuta: Hukumu za Wengi Usambara

"Wengi wape" ni kauli inayofunga mjadala kwenye mkutano wa kijiji, kwenye kikao cha ukoo na hata bungeni. Ina hekima yake, kwa kuwa jamii isiyo na njia ya kumaliza ubishi haiwezi kuishi pamoja. Lakini kumaliza ubishi ni jambo moja na kutenda haki ni jambo jingine. Historia ya milima ya Usambara, kuanzia Vugha walikotawala Wakilindi, ukoo wa kifalme, mpaka Mlalo na Mlola upande wa kaskazini, inatuonyesha wengi wakikosea vibaya sana, kisha inatuonyesha wengi wakiwa sahihi mbele ya serikali yenye wataalamu, mahakama na magereza. Matukio haya mawili yakitazamwa pamoja yanatupa swali lenye manufaa kuliko kuhesabu mikono iliyonyooshwa: uamuzi wa wengi unastahili kuaminiwa wakati gani?

Zamani Washambaa, pamoja na jirani zao Wabondei, Wazigua na Wanguu, walimwita kigego mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Iliaminika kwamba akiachwa hai ataleta vifo katika ukoo, na desturi ilitaka auawe. Hii haikuwa amri ya mtawala katili. Ilikuwa imani ya jamii, na mzazi aliyeumia moyoni alijua kwamba jirani zake wote wangemwona mhatarishaji wa watu. Mtanziko ulikuwa wazi: mtoto mmoja au ukoo mzima. Mwenye kuikubali imani ile huona hesabu imekamilika, na ndiyo maana watu wema waliweza kuitekeleza. Tatizo ni kwamba imani yenyewe haikupata nafasi ya kujaribiwa, maana kila ambaye maisha yake yangeweza kuikanusha aliondolewa kabla hajajua kusema. Wingi wa walioiamini haukuongeza ushahidi hata chembe. Walikuwa wakirudia neno lilelile walilolisikia kwa wazee wao.

Cha ajabu, ushahidi wa kuikanusha ulikuwa kwenye kiti cha enzi. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, ameyahifadhi masimulizi ya Mbegha, mwindaji kutoka Nguu ambaye nasaba ya wafalme wa Usambara inaanza naye. Mbegha alikuwa kigego. Wazazi wake hawakumuua, lakini walipofariki ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu ya meno yake, akaondoka na mbwa wake wa kuwindia. Huko Usambara watu walikula nyama aliyowagawia, wakaona alivyomuua simba, wakamfanya mtawala wao. Jamii moja ilimfukuza, nyingine ikamtawaza, naye alikuwa mtu yuleyule. Msomaji makini atasema haya ni masimulizi ya kifalme, yaliyotungwa ili kuhalalisha utawala, wala si taarifa ya mashahidi. Ni kweli, lakini hoja haidhoofiki. Vizazi kadhaa vya Washambaa vilisimulia kwa fahari kwamba mfalme wao wa kwanza alikuwa kigego, na papo hapo vikaendelea kuwahukumu vigego wachanga. Jibu lilikuwa midomoni mwao na wengi hawakulisikia. Desturi ilififia baadaye, chini ya utawala wa Wajerumani na mafundisho ya misheni, ambayo ilianza kazi Mlalo mwaka 1891.

Hapo mtu anaweza kuhitimisha kwamba wengi wanahitaji wachache wenye elimu wa kuwaongoza, hata kwa nguvu. Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, walifikiri hivyo. Mwaka 1946 walianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 wakaupanua kuwa Mpango wa Usambara. Kila kaya ilitakiwa kulima kwa matuta yaliyofungwa kama visanduku ili maji yasitiririke, malisho yakawekewa masharti, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Watu walikataa, na walikuwa na sababu. Kuchimba matuta kwenye miteremko mikali kulikuwa kazi nzito kupita kiasi, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, kwani wanaume wengi walikuwa vibaruani kwenye mashamba ya mkonge na chai. Palikuwapo pia hofu kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa na wazungu. Kufikia 1958 mpango ulikuwa umeachwa. Kule Uluguru, mpango kama huo wa kulima kwa ngazi ulizusha ghasia mwaka 1955 na mtu mmoja akapigwa risasi akafa.

Je, wengi walikuwa sahihi? Pingamizi kubwa ni kwamba mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Udongo uliokuwa ukienda na mvua ulikuwa wa wajukuu pia, na wajukuu hawakuwapo kupiga kura, kama vigego wachanga walivyokosa sauti. Pingamizi hili nalipa uzito, na sidhani kwamba kila aliyekataa matuta aliwafikiria wasiozaliwa. Lakini tuangalie yaliyofuata. Katika miaka ya 1980 mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioitwa SECAP, uliosaidiwa na Wajerumani, ulikuja Lushoto na mistari ya majani ya guatemala na miti kufuata kontua, majani ambayo ng'ombe wa zizini aliweza kulishwa. Wakulima wengi waliipokea. Kumbe kilichokataliwa miaka ya 1950 ni gharama isiyobebeka kwa faida isiyoonekana. Uhai wa udongo haukuwahi kukataliwa. Kukataa kwao kulikuwa na maarifa ya jembe ambayo ofisa wa kilimo hakuwa nayo.

Tofauti ya kesi hizi mbili, basi, iko kwa mbebaji wa mzigo. Waliokataa matuta walikuwa wakiamua juu ya migongo yao wenyewe na mashamba waliyoyajua, na idadi yao ilikuwa ushahidi wa kweli. Walioamua juu ya kigego waliutupa mzigo wote kwa mmoja asiyekuwamo katika hesabu, na hapo hata umoja kamili wa kijiji haukuthibitisha kitu. Sheria ya Tanzania imeelewa hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji, Mlola kama kwingineko, sauti kubwa katika kugawa ardhi. Lakini kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila au uamuzi wowote wa kimila unaowanyima ardhi wanawake, watoto au watu wenye ulemavu, hata ukiungwa mkono na kijiji kizima.