Ndanda FC na Mgawo wa Fedha za Televisheni, 2013–2021

Insha hii inahoji ni nani hunufaika mapato ya televisheni ya Ligi Kuu yanapokua. Mwaka 2013 mkataba wa Azam ulizipa klabu zote fungu sawa. Yanga iliupinga, ikihoji usawa huo ilhali mashabiki wake ni wengi. Ndanda FC, yenye jina la mji mdogo wa Masasi ulio chini ya uwanda wa Makonde, ilipanda daraja mwaka 2014 na kushuka mwaka 2020. Mwaka uliofuata ulitiwa saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa mashabiki wa Masasi na Newala, basi, mjadala wa mgawo uliishia mlangoni mwa ligi: aliye nje hana fungu la kudai.