Ruhusa za faili: matumizi ya "ruhusa", "kikundi" na "kutekeleza" katika mfumo endeshi

RUHUSA *nm* (ngeli ya I-ZI). Katika taaluma ya kompyuta: sharti linaloamua ni nani awezaye kusoma, kuandika au kutekeleza faili. Makala haya yanahusu mifumo ya ukoo wa Unix, ulioanza kuundwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, pamoja na Linux iliyofuata nyayo zake.

Wafasiri hutapatapa kati ya *ruhusa*, *idhini*, *kibali* na *haki*. Maneno haya yanakaribiana lakini hayabadilishani nafasi. Haki ni stahili. Aliyenyimwa haki amedhulumiwa. Kibali aghalabu ni hati, kama kibali cha ujenzi au cha kazi. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka kwa jambo mahususi, baada ya kuombwa. Ruhusa yaweza kutolewa leo na kuondolewa kesho bila mtu kulalamika kwamba ameonewa, na hivyo ndivyo mfumo endeshi unavyofanya kazi. Anayeandika "haki za faili" ataeleweka, ila atakuwa ameazima uzito ambao jambo lenyewe halina.

Kila faili lina mmiliki mmoja na kikundi kimoja. Watumiaji waliosalia huitwa *wengine*. Tunasema *kikundi*, si *kundi*. Kiambishi ki- hapa hakidunishi: kikundi hudokeza watu waliokusanywa kwa kusudi, mathalani kikundi cha kuweka na kukopa, ilhali kundi laweza kuwa hata la ng'ombe. Msimamizi wa mfumo huunda kikundi kwa amri ya groupadd, kisha humwingiza mtumiaji kwa usermod -aG. Herufi *a* isiachwe. Bila hiyo, mtumiaji huondolewa katika vikundi vyote vya ziada ambavyo amri haikuvitaja. Aidha, uanachama mpya huanza kufanya kazi mtumiaji anapoingia upya katika mfumo.

Kusoma hupewa thamani ya 4, kuandika 2, kutekeleza 1, na thamani hizo hujumlishwa. Tuchukue faili la mtihani lililokabidhiwa kikundi cha walimu, kisha likapewa amri ya chmod 640. Mmiliki atasoma na kuandika (6), walimu watasoma tu (4), wengine hawatapata chochote (0). Mfumo hautafuti ruhusa iliyo pana zaidi. Huuliza kwanza kama mtumiaji ndiye mmiliki. Akiwa ndiye, hutazama ruhusa za mmiliki pekee, hata zikiwa finyu kuliko za kikundi. Msimamizi mkuu, aitwaye *root*, havikwi pingu hizi.

Ugumu wa tafsiri umo katika folda. "Kutekeleza programu" ni sawa, lakini "kutekeleza folda" ni maneno matupu. Alama ya *x* kwenye folda humruhusu mtu kupita ili ayafikie yaliyomo. *R* humruhusu kuorodhesha majina ya yaliyomo. *W*, ikiandamana na *x*, humruhusu kuongeza, kubadili majina na kufuta. Kwa hiyo, panapozungumziwa folda, *x* ifasiriwe *kupita*.

Hili si suala la ladha ya lugha tu. Tuseme lile faili la mtihani limewekwa katika folda iliyoachwa wazi kwa 777. Mwanafunzi hawezi kulisoma wala kuandika ndani yake, lakini anaweza kulifuta na kuweka jingine lenye jina lilelile, kwa kuwa kufuta ni kuondoa jina katika folda, si kugusa maandishi ya faili. Mwongozo unaosema "wanafunzi hawana ruhusa ya kuandika, basi faili li salama" una sarufi nzuri na habari ya uongo. Mfasiri aandike wazi: *ruhusa ya kufuta hutoka kwenye folda*.

Folda za pamoja kama /tmp huwekewa alama ya *t*, ili faili lifutwe na mmiliki wake, mmiliki wa folda au msimamizi mkuu pekee. "Biti nata", tafsiri sisisi ya jina lake, hairidhishi: jina la asili lilihusu kazi iliyokwisha kuachwa, ya kuibakiza programu tayari hata baada ya kumaliza kutumika. *Alama ya t* inatosha.

Kuhusu sarufi, *-ruhusu* humtaka mtendwa na kitendo: "Mfumo unamruhusu mwalimu kusoma faili", si "unaruhusu faili kwa mwalimu". Vivyo hivyo, ujumbe "Ruhusa imekataliwa" unasomeka kana kwamba mtu alipewa ruhusa naye akaikataa. Ruhusa *hunyimwa*. Iandikwe "Umenyimwa ruhusa" au, kwa uwazi zaidi, "Huruhusiwi kusoma faili hili".