CHAI MBICHI NA CHAI MBIVU

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuwafundisha wanafunzi wake vivumishi -bichi na -bivu, na mara nyingi mifano yake huwa embe na ndizi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hata chai huweza kuwa mbichi au mbivu, na kwamba tofauti hiyo ina historia yenye mafunzo.

Chai yenyewe huitwa Pu'er, nayo hutoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya China. Mmea wake ni ule ule ulimwao Uganda, Rwanda na Burundi. Tofauti imo katika utengenezaji. Majani huchumwa, hukaangwa katika karai kubwa, hufikichwa, kisha huanikwa juani. Baadaye hulainishwa kwa mvuke, hutiwa katika mfuko wa kitambaa, na kushindiliwa chini ya jiwe zito. Hutoka mkate wa mviringo, ambao kwa desturi una uzito wa gramu 357, na mikate 7 hufungwa pamoja katika maganda ya mianzi. Mingine hupewa umbo la tofali au la bakuli.

Kwa nini majani yashindiliwe? Sababu ni safari. Kwa karne nyingi misafara ya nyumbu na farasi ilipanda kutoka Yunnan hadi Lhasa, katika nchi ya Tibet, ikivuka mabonde na milima yenye theluji. Watu wa Tibet, ambao nchi yao ya baridi haioti mboga nyingi, waliichemsha chai kwa chumvi na siagi ya yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Wachina kwa upande wao walihitaji farasi. Chai iliyoshindiliwa ilichukua nafasi ndogo mgongoni mwa mnyama. Pu'er ilikuwa soko la biashara hiyo, ndipo chai ikapata jina. Na mwaka 1729 watawala wa ukoo wa Qing wakaunda mkoa wa Pu'er.

Njiani chai ilipata unyevu, ikakauka, ikapata unyevu tena, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vikafanya kazi yao. Chai hii ikiwa changa ni chungu, yenye ukakasi. Miaka ikipita, ukali hupungua, maji yake huwa rangi ya damu ya mzee, na harufu yake hukumbusha udongo ulionyeshewa na mvua. Sifa yake kuu, basi, haikubuniwa na fundi; ilizaliwa na njia ndefu.

Lakini si kila mnywaji awezaye kungoja miaka 20 au 30. Mwaka 1973, katika kiwanda cha chai cha Kunming, mafundi waliendeleza mbinu ya kurundika majani, kuyanyunyizia maji na kuyafunika kwa wiki kadhaa. Kitendo hiki si kigeni kwetu: ni kuvundika, kama tuvundikavyo ndizi. Chai ya namna ya kwanza Wachina huiita sheng, yaani mbichi. Hii ya pili huiita shou, yaani mbivu.

Je, kuvundika ni udanganyifu? La hasha. Chai iliyovundikwa ni laini, na watu wa kipato cha kawaida huimudu. Udanganyifu ni kuuza umri usiokuwapo. Bei ilipopanda mno, wengi walinunua mikate si kwa kunywa bali kwa kuilangua, na wengine wakaandika miaka ya uongo juu ya karatasi zake. Mwaka 2007 bei ilianguka ghafla, na hasara ikawafika wafanyabiashara na wakulima. Lililodumu ni miti. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza misitu ya kale ya chai ya mlima Jingmai, inayotunzwa na Wabulang na Wadai, katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Walimu wenzangu, maneno kuvundika na kuvunda yanakaribiana sana kwa sauti, na katika rundo la chai matendo hayo mawili yanakaribiana vilevile. Rundo lisipogeuzwa kwa wakati wake, joto huzidi na majani huoza. Mkate nao ukiwekwa penye maji huota ukungu, hata uwe wa miaka mingapi. Umri peke yake hauivishi kitu. Huivisha umri wenye mtunzaji.