Pete za miti zinavyotunza habari za mvua na joto

Msonobari ukikatwa, kisiki chake huonyesha pete nyingi, moja ndani ya nyingine. Ndizo zinazoonekana kama mistari kwenye mbao ambazo mafundi wa mitaa kama Kaptembwo, mjini Nakuru, huzipiga randa. Kwa wataalamu, pete hizo ni kumbukumbu ya hali ya hewa.

Pete huundwa na tabaka jembamba la seli hai lililo chini ya gome. Mti unapokua kwa kasi, seli huwa pana na mbao hung'aa. Kasi ikipungua, seli huwa ndogo zenye kuta nene, na mstari wa rangi nzito hutokea.

Kaskazini mwa Finland na Sweden, msonobari husimama kukua wakati wa baridi kali na kuendelea katika miezi michache ya joto. Kwa hivyo, pete moja huhesabiwa kuwa mwaka mmoja. Upana wake hutegemea zaidi joto la mwezi wa Julai. Kwa kulinganisha miti hai na magogo ya kale yaliyozama maziwani, watafiti wa Finland wamepata mfululizo wa zaidi ya miaka 7,000.

Nakuru hakuna majira ya baridi kali; maji ndiyo huongoza ukuaji. Mvua huongezeka mwezi wa Aprili, Agosti na Novemba. Kiangazi kifupi kati ya vipindi hivyo chaweza kuacha pete ya uongo, na anayehesabu akauzidishia mti umri.

Isitoshe, misonobari ya Kenya ililetwa kutoka ng'ambo na huvunwa ingali michanga. Tegemeo ni mtarakwa, mti wa kiasili wa nyanda za juu kama Mau. Utafiti uliofanywa Ethiopia umeonyesha kwamba pete zake zaweza kufuata mvua, ingawa pete za uongo hutatiza hesabu.

Suala hili si la wasomi pekee. Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote katikati ya miaka ya 1990, kisha tangu 2010 likafurika na kuwahamisha wakazi. Vipimo vya mvua vya karne moja hivi havitoshi kuonyesha iwapo mabadiliko hayo ni ya kawaida. Kila mtarakwa mkongwe unaokatwa kwa ajili ya vikingi vya ua huondoka na sehemu ya jibu.