Waliokufa Kabla ya Kufika Vitani: Ajali za Mafunzo ya Urubani Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Tarehe 7 Septemba 2016, katika makaburi ya taifa ya Arlington karibu na mji wa Washington, yaliwekwa majivu ya bibi mmoja aliyeitwa Elaine Harmon. Alikuwa amefariki mwezi Aprili 2015, akiwa na umri wa miaka 95. Kwa zaidi ya mwaka mmoja majivu hayo yalitunzwa ndani ya kabati nyumbani kwa mjukuu wake, kwa kuwa wakuu wa jeshi la nchi kavu walikuwa wameamua kwamba watu wa namna yake hawakustahili kulala pale. Kwetu sisi kuchoma maiti si desturi. Lakini mchungaji yeyote aliyewahi kuona mazishi yanasimamishwa kwa sababu ya ubishi juu ya hadhi ya marehemu ataelewa uchungu wa familia ile. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria, na Rais Barack Obama aitie sahihi tarehe 20 Mei 2016, ndipo bibi huyo apate mahali pa kupumzika.

Kosa lake lilikuwa nini? Wakati wa vita alikuwa rubani wa ndege za jeshi, lakini katika daftari za serikali aliandikwa raia. Yeye hakufa kwa ajali. Aliishi hadi uzee. Hata hivyo, swali lililoyaweka majivu yake kabatini ndilo lililowapata wenzake 38 waliokufa kazini, na kwa namna nyingine likawapata vijana wapatao elfu kumi na tano: je, aliyeanguka na ndege ya jeshi, maelfu ya maili mbali na adui, amekufa vitani au hakufa vitani?

Tuitazame kwanza hesabu yenyewe, maana wengi wetu tulisomeshwa vita hivi kwa majina ya mapigano tu. Kuanzia Desemba 1941 hadi Agosti 1945 jeshi la anga la Marekani lilipata ajali za ndege 52,651 ndani ya mipaka ya Marekani yenyewe. Kati ya hizo, 6,039 ziliua, nazo zilichukua roho za watu 14,903. Ukigawanya kwa siku, ni watu kumi na mmoja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kwa muda wa karibu miaka mitatu na miezi tisa. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea katika mafunzo. Uingereza nayo haikusalimika. Kamandi ya ndege zake za kudondosha mabomu ilipoteza watu 55,573 katika vita vile, na kati yao wapatao 8,000 hawakuuawa na Wajerumani bali na ajali, wengi wao wangali wakijifunza.

Sababu iliyo juu ya sababu zote ilikuwa haraka. Jeshi ambalo mwaka 1939 lilikuwa na watu wachache kuliko wakazi wa mji mdogo lilitakiwa kutoa marubani zaidi ya 190,000 kabla vita havijaisha. Kijana wa miaka 19 au 20, ambaye pengine hakuwahi kuendesha hata motokaa, alipitishwa ngazi tatu za masomo, kila ngazi majuma yapatayo tisa: kwanza ndege nyepesi yenye mabawa mawili, kisha ndege nzito zaidi, kisha ile ya mafunzo ya juu. Baada ya hapo alikabidhiwa ndege halisi ya vita, na hapo ndipo hatari ilipozidi. Wakufunzi wenyewe mara nyingi walikuwa wahitimu wa juzi. Ndege zilizotumika shuleni hazikuwa daima zile bora, kwa kuwa zile bora zilipelekwa mbele. Zaidi ya hayo, vijana walirushwa usiku, walirushwa katika mawingu, walirushwa bawa kwa bawa katika msafara, ambapo kupepesa jicho mara moja kulitosha kugonganisha ndege mbili.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa ndege iitwayo B-26. Ilikuwa na injini mbili na mabawa mafupi, nayo ililazimu kutua kwa mwendo mkali kuliko ndege walizozizoea wanafunzi. Jeshi liliiagiza kwa wingi kabla hata ya ndege moja kujengwa na kujaribiwa. Rafadha zake ziligeuzwa kwa nguvu ya umeme, na betri ilipopungua nguvu rafadha moja iliweza kuzunguka kwa kasi kupita kiasi ndege ingali inapaa, nayo ikapinduka. Katika kituo cha MacDill, mjini Tampa, ajali zilifuatana hata wanajeshi wakatunga msemo wa mzaha mchungu kwamba kila siku ghuba ya Tampa humeza moja. Kamati ya Seneti chini ya Harry Truman, ambaye baadaye alikuwa Rais, ilichunguza jambo hilo. Mabawa yakarefushwa, mafunzo yakabadilishwa, na ndege ile ile ikaja kuwa miongoni mwa zilizopoteza watu wachache zaidi mbele ya adui. Hapana budi kusema wazi: waliokufa Tampa ndio waliokuwa jaribio ambalo halikufanywa mapema.

Hali kadhalika katika kuruka bila kuona nje. Mwanzoni mwanafunzi alifundishwa kuamini hisia za mwili wake, na mwili ndani ya wingu husema uongo: mtu hujiona yuko sawa ilhali ndege inazunguka kuelekea ardhini. Kanali Joseph Duckworth alishika suala hili, akajenga mafunzo mapya ya kutegemea vipimo vyote kwa pamoja, na mwaka 1943 utaratibu wake ukaanza kuenea katika jeshi zima. Alikuwa mtu wa vitendo. Mwezi Julai mwaka huo huo aliingiza ndege ya mafunzo ndani ya kimbunga cha bahari katika jimbo la Texas na kutoka salama. Haiwezekani kuhesabu ni wangapi waliopona kwa ajili yake.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, jambo hili linatuhusu sisi tunaozika. Baada ya kila ajali iliandikwa taarifa, na ndani ya taarifa nyingi mno yalikuwamo maneno mawili: kosa la rubani. Maneno hayo yalikuwa mepesi kuandikwa, maana aliyetajwa hakuwapo kujitetea. Mwaka 1943 kijana mmoja msomi wa saikolojia, Alphonse Chapanis, aliajiriwa katika maabara ya jeshi huko Wright Field. Alikuta tatizo la ajabu: marubani wa aina fulani za ndege, ikiwamo B-17, walikuwa wakitua salama, kisha ndege ingali inakimbia juu ya njia wakayakunja magurudumu, nayo ikalala kwa tumbo. Wote waliandikiwa kosa la rubani. Lakini marubani wa C-47, ndege ya uchukuzi, hawakuwa wakifanya hivyo. Je, wale wa B-17 walikuwa wajinga zaidi? Chapanis aliingia ndani ya ndege akatazama. Kishikio cha magurudumu na kishikio cha vibawa vya kupunguzia mwendo viliwekwa karibu karibu na vilifanana; katika C-47 havikuwa hivyo. Alipachika kigurudumu kidogo cha mpira juu ya kimoja, na kipande chenye umbo la kabari juu ya kingine, ili mkono utambue bila jicho. Kosa likakoma. Ajali za namna hiyo nyingi hazikuua; lakini zilionyesha jinsi hukumu ilivyokuwa ikitolewa.

Bwana Yesu aliutaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18, akakataa hesabu ya kwamba walioangukiwa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Waandishi wa taarifa za jeshi hawakusema dhambi, walisema kosa. Lakini hesabu ilikuwa ile ile. Mzazi aliyepokea habari kwamba mwanawe amefariki kwa uzembe wake mwenyewe alizikwa naye nusu. Simaanishi kwamba hapakuwa na uzembe. Wapo vijana walioshuka chini mno ili kuwaonyesha wachumba wao ustadi, wakanasa katika miti. Ninachosema ni kwamba neno moja liliwafunika wote.

Tofauti na waliouawa ng'ambo, ambao walizikwa huko huko hadi vita viishe, waliokufa mafunzoni walirudishwa kwao kwa treni, mara nyingi katika jeneza ambalo familia haikufunguliwa, wakisindikizwa na askari mmoja. Kwa hiyo ni wachungaji wa vijijini waliowapokea. Mwanajeshi alipata bendera na heshima za mazishi, ingawa si ile nishani ya Purple Heart, ambayo hutolewa kwa aliyejeruhiwa au kuuawa kwa mkono wa adui. Wanawake hawakupata hata bendera.

Wanawake 25,000 waliomba kujiunga na kikosi cha marubani wanawake, kilichojulikana kwa kifupi WASP, chini ya Jacqueline Cochran. Waliokubaliwa ni 1,830, na waliohitimu 1,074, wengi katika kiwanja cha Avenger, Sweetwater, Texas. Kazi yao ilikuwa kupeleka ndege mpya kutoka viwandani, kuzijaribu zilizotengenezwa, na kuvuta shabaha nyuma ya ndege ili wapiga mizinga wajifunze kulenga kwa risasi za kweli. Kumi na mmoja walikufa wakiwa masomoni, na ishirini na saba wakiwa kazini. Kwa kuwa walihesabiwa raia, serikali haikulipia mazishi yao wala kusafirisha miili. Wenzao walichangishana, bweni kwa bweni, ili jeneza lirudi nyumbani. Mwezi Juni 1944 Bunge lilikataa mswada wa kuwaingiza jeshini, na tarehe 20 Desemba 1944 kikosi kikavunjwa. Haki ya kuitwa wastaafu wa vita waliipata mwaka 1977. Nishani ya dhahabu ya Bunge walikabidhiwa Machi 2010, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Nchini kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili lina alama yake. Kuanzia mwaka 1941 palikuwa Nakuru kikosi cha Waingereza cha mafunzo ya marubani wa ndege za Blenheim, na katika makaburi ya mji huo wamo vijana wa jeshi la anga waliokufa wakijifunza. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina kanuni kwamba aliyekufa akiwa katika utumishi hupewa jiwe, awe amekufa kwa risasi, kwa malaria au kwa ajali. Ni kanuni njema, ingawa sisi wa Afrika Mashariki tunajua haikuwafikia wote: mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza, kwa makumi ya maelfu, waliachwa bila jiwe wala jina. Lakini kwa wale wa Nakuru ilitimizwa. Jiwe lina nembo ya jeshi, jina, cheo na tarehe, na mara nyingi umri. Namna alivyokufa haikuandikwa.